Risasi ya Kawaida au Risasi Iliyoboreshwa: Uchaguzi wa Kulinda Mashamba ya Bonde la Ruvuma

Matini ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Mazungumzo haya yanahusu jambo lisilozoeleka sana katika kurasa za ushirika. Kurasa hizi huzungumza zaidi juu ya korosho, ufuta, salfa, magunia, mizani na malipo ya mkulima. Hata hivyo, kabla korosho haijafika ghalani na kabla mpunga haujapurwa, mazao hayo hukaa shambani kwa miezi mingi, na huko shambani yana adui zake. Mkulima wa upande wa Mtawanya anamjua nguruwe mwitu. Mkulima wa mpunga aliye karibu na Ruvuma anamjua kiboko. Zao lililoliwa usiku haliandikwi katika daftari la mapokezi, lakini hasara yake ni ya chama kizima.

Kwa ajili hiyo, katika kijiji chenye mtu mwenye leseni ya bunduki, huyo ndiye hutazamiwa na wenzake. Naye akitaka kununua bunduki mpya au risasi mpya, si ajabu wanachama wakaombwa kuchanga. Hapo ndipo huzuka swali ambalo kamati nyingi hazikujiandaa kulijibu: je, ichukuliwe risasi ya kawaida, inayojulikana miaka nenda miaka rudi, au ichukuliwe ile inayoitwa iliyoboreshwa, yenye kasi zaidi na bei kubwa zaidi? Makusudi ya mazungumzo haya ni kuonyesha jinsi ya kulipima swali hilo, ili fedha ya wanachama isipotee na, lililo kubwa zaidi, ili uhai wa mtu usipotee.

ADUI WA SHAMBA NA HATARI INAYOMFUATA

Kwanza yafaa kueleza kwa nini jambo hili si dogo. Nguruwe mwitu ni mnyama wa kilo 60 hadi 80, na wengine huzidi hapo. Hutembea usiku kwa makundi, hufukua muhogo na karanga, huangusha mahindi, na kabla ya mapambazuko hurudi vichakani. Sehemu kubwa ya wenyeji wa pwani hii ni Waislamu ambao hawali nyama yake. Kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa ajili ya kitoweo, na idadi yake huongezeka. Mkulima hulazimika kujenga dungu na kulala shambani.

Hapo ndipo hatari ya pili inapoingia. Mwezi Agosti 2005 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake, akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda, juu ya simba wala watu katika Tanzania. Watafiti hao walikuta kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, na kwamba wengi wa watu hao walikuwa wa wilaya za kusini. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Maelezo yao yalikuwa rahisi kueleweka na kila mkulima wa kusini: swala na wanyama wengine wa kuwindwa na simba wamepungua, nguruwe amebaki, nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na kati yao amelala mkulima katika dungu lake. Kwa hiyo kupunguza nguruwe si suala la debe mbili za mahindi tu. Ni suala la usalama wa watu.

Upande mwingine wapo wanyama wakubwa. Kiboko dume hupita kilo 1,500. Tembo na nyati huonekana zaidi kuelekea Nanyumbu, kwenye mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi, lakini tembo ni msafiri, na Ruvuma si ukuta kwake. Wanyama hawa si wa mwanakijiji kuwakabili. Ni kazi ya maofisa wa wanyamapori na askari wao, na chama kinachomwacha mwanachama wake akamfuate kiboko kwa bunduki ya nguruwe kinampeleka kaburini.

RISASI IMEFANYIKAJE, NA HUBORESHWA VIPI

Ili kamati iweze kuamua, ni lazima iujue kidogo ujenzi wa risasi. Risasi nzima ina sehemu nne. Iko fataki kitakoni, ambayo hupigwa na msumari wa bunduki na kutoa cheche. Liko ganda la shaba nyeupe. Iko baruti ndani ya ganda. Na kiko kichwa cha risasi, ambacho ndicho hasa hutoka mtutuni na kumpata mnyama. Baruti ikiungua hugeuka moshi wenye nguvu, moshi hukisukuma kichwa, na ganda hubaki nyuma likisubiri kutolewa.

Mfano ulio bora kwa mazungumzo haya ni risasi ya 375 iliyotolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London. Kipenyo cha kichwa chake ni inchi 0.375, yaani kama milimita 9.5. Kichwa cha gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Risasi hii imetumika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 100, na kanuni za uwindaji za Tanzania zimeitaja 375 kuwa kipimo cha chini kabisa kwa wanyama wa hatari kama nyati na tembo.

Mtu akilitazama ganda la risasi hiyo ataona kwamba halikunyooka. Limekuwa pana kitakoni na jembamba kuelekea shingoni, na bega lake limelala mteremko mrefu. Umbo hilo halikuwa bahati. Ganda lenye mteremko huingia chembani kwa urahisi na, baada ya kufyatuliwa, huachia kwa urahisi, hata kama bunduki imepata joto la jua, mchanga au unyevu. Walioibuni walikuwa wanafikiria nchi za joto.

Sasa, kuna mafundi walioutazama mteremko huo na kusema: ganda likinyooshwa kuta na bega likisimamishwa, nafasi ya baruti itaongezeka bila kulirefusha ganda. Fundi wa Marekani P. O. Ackley alijulikana sana kwa kazi ya namna hiyo, na risasi nyingi zikaitwa kwa jina lake na kwa neno la kuonyesha kuwa zimeboreshwa. Fundi mwingine, Roy Weatherby, katikati ya miaka ya 1940 aliifanyia 375 jambo hilo hilo. Kichwa kile kile cha gramu 19.4 kikaweza kutoka kwa mwendo wa mita 850 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo maana ya risasi iliyoboreshwa: ni ganda lililopanuliwa, baruti iliyoongezwa, na kasi iliyozidi. Kichwa chenyewe hakikuongezeka.

FAIDA YAKE IKIPIMWA KWA HESABU

Makatibu ni watu wa hesabu, kwa hiyo na jambo hili lipimwe kwa hesabu. Kutoka mita 770 hadi mita 850 kwa sekunde ni nyongeza ya kama sehemu moja kwa kumi ya mwendo, na nguvu ya kichwa inapotoka mtutuni huongezeka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano. Hiyo ni nyongeza ya kweli, na asiyeikubali anafanya upinzani tu.

Lakini swali la mkulima si nguvu iliyoko mtutuni. Swali lake ni nini kitatokea shambani. Shamba la muhogo lililozungukwa na vichaka haliruhusu kupiga mbali. Mnyama huonekana kwa hatua 30, 40, labda 60. Katika umbali wa mita 60 kichwa cha risasi ya kawaida hushuka kama sentimita 3 kwa sababu ya uzito wake. Kile cha risasi iliyoboreshwa hushuka kama sentimita 2 na nusu. Tofauti ni nusu sentimita, yaani pungufu ya upana wa punje ya hindi. Hakuna mpigaji wa kijiji, wala bingwa wa mashindano, anayeweza kuiona tofauti hiyo kwa nguruwe anayetembea. Risasi ya kasi hujipatia heshima yake penye uwanda mpana na mnyama wa mbali, mita 200 na kuendelea. Mahali pa namna hiyo si bonde la Ruvuma.

Kwa upande mwingine iko gharama isiyoandikwa katika bei. Bunduki ya uzito ule ule ikipewa baruti nyingi zaidi, msukumo wa kitako begani huongezeka kwa kama robo nzima. Bega la mtu huizoea 375 ya kawaida kwa mazoezi. Si bunduki ya mtoto hata hivyo. Ukiongeza robo, wapigaji wengi huanza kufumba macho na kukaza mkono kabla kidole hakijavuta. Risasi yenye nguvu iliyompata mnyama tumboni ni mbaya kuliko risasi ya kawaida iliyompata moyoni. Mnyama aliyejeruhiwa huingia kichakani, na asubuhi yuko mtu atakayepita njia hiyo kwenda mtoni kuteka maji.

Tena kuna jambo la kichwa chenyewe. Vichwa vya risasi ni vya namna mbili kubwa: vyenye ncha laini, ambavyo hupanuka ndani ya mwili, na vile vigumu, ambavyo havipanuki na huenda moja kwa moja hadi ndani. Kichwa laini kilichotengenezwa kwa mwendo wa kawaida, kikisukumwa kwa kasi kubwa na kupiga mfupa kwa karibu, kinaweza kuvunjika vipande kabla hakijafika pa kufika. Kwa hiyo anayenunua kasi bila kuuliza juu ya kichwa huenda akanunua jeraha la juu juu. Swali la kwanza dukani si kuuliza risasi inakwenda kasi gani, bali kichwa chake ni cha namna gani na kimekusudiwa mnyama gani.

SOMO KUTOKA NG'AMBO YA RUVUMA

Haitakuwa haki kusema kwamba kila kilichoboreshwa ni bure. Kuna mfano ambapo uboreshaji ulikuwa na sababu kamili, na mfano huo ulianzia Msumbiji.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya 458, kwa ajili ya tembo na nyati. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko risasi kubwa za Uingereza, na idara za wanyamapori na wawindaji katika Afrika waliipokea. Kichwa chake kilikuwa cha gramu 32.4, na kampuni ilitangaza mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde. Lakini ganda lake lilikuwa fupi, inchi 2.5 tu, na ili kupata mwendo uliotangazwa ilibidi baruti ishindiliwe sana. Baada ya kukaa muda, baruti ile iliyoshindiliwa iliweza kuganda mabonge. Risasi nyingine iliungua vizuri, nyingine iliungua nusu. Katika mitutu mifupi mwendo halisi ulikuwa chini ya ule ulioandikwa. Mwindaji alishika risasi mbili za boksi moja bila kujua ipi ni nzima.

Mwaka 1959 mwindaji wa Marekani aitwaye Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji alipokuwa akitumia 458. Baadaye alikaa akatafuta dawa ya upungufu alioushuhudia, na mwaka 1971 akatoa ganda refu zaidi, la inchi 2.8, linalochukua kichwa kile kile. Baruti ikapata nafasi ya kukaa bila kushindiliwa mno, na mwendo ukafika mita 700 hivi kwa sekunde. Huo ulikuwa uboreshaji uliojibu kasoro iliyoonekana, iliyopimwa, na iliyogharimu damu.

Hata hivyo hadithi haiishii hapo, na sehemu ya mwisho ndiyo yenye somo. Watengenezaji nao walibadili baruti ya 458 ya kawaida, na risasi zilizofuata zikaacha ule ugonjwa wa kuganda. Basi kasoro moja ilipata dawa mbili: wa kwanza alibadili ganda na chemba ya bunduki, wa pili alibadili baruti peke yake. Mwenye bunduki ya 458 ya kawaida hakulazimika kuitupa. Alihitaji kuacha risasi za zamani na kununua nzuri.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni ambayo kamati yaweza kuishika: kabla ya kununua kilichoboreshwa, itafutwe kwanza kasoro iko wapi.

KASORO IKO WAPI?

Mkulima wa korosho anaijua kanuni hii kwa jina jingine. Mikorosho ikizaa kidogo, bwana shamba haanzi kwa kusema miti ing'olewe. Huuliza kama salfa ilipigwa kwa wakati, kama ubwiri unga uliingia, kama shamba lilipaliwa, kama miti imesongamana. Akishaona kwamba kasoro ni ya mbegu, ndipo hushauri miche iliyoboreshwa kutoka Naliendele. Na miche hiyo nayo ilitolewa baada ya majaribio ya miaka mingi katika mashamba ya hapa hapa kusini. Haikuchaguliwa kwa sura ya boksi.

Vivyo hivyo, mlinzi wa mashamba akisema kwamba risasi ya kawaida haiui, kamati imuulize maswali manne.

La kwanza: risasi hizo zimekaa wapi, na kwa muda gani? Hewa ya chumvi na unyevu wa pwani huharibu fataki na baruti, hasa boksi likishafunguliwa.

La pili: bunduki ilipimwa shabaha lini? Bunduki iliyoanguka kwenye baiskeli njiani kutoka Tangazo yaweza kupiga shubiri nzima pembeni, na kosa hilo haliponywi na kasi.

La tatu: kichwa cha risasi ni cha namna gani? Kichwa kigumu humpita nguruwe kama sindano, na nguruwe akakimbia mbali kabla ya kuanguka. Lawama huangukia risasi, kumbe uchaguzi wa kichwa ndio wenye kosa.

La nne: mpigaji alipiga kwa umbali gani, katika mwanga gani, na mnyama amesimamaje?

Majibu ya maswali hayo manne yakiwa mazuri, na bado wanyama wanakimbia na majeraha, hapo tu ndipo swali la risasi nyingine lina haki ya kuingia mkutanoni. Katika hali nyingi halitafika huko. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na maduka ya silaha hayakosi wateja wa methali hiyo.

UPATIKANAJI NA FEDHA

Risasi ya kawaida ina faida moja inayoshinda hesabu zote za mwendo: hupatikana. 375 ya mwaka 1912 hutengenezwa na viwanda vingi katika nchi nyingi. Ile iliyoboreshwa hutengenezwa na wachache, na kutoka Mtwara kuifuata Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 500, tena bila hakika ya kuikuta. Bunduki isiyo na risasi wakati wa mavuno ni gogo.

Wauzaji huleta hoja moja inayofaa kujibiwa. Husema kwamba bunduki ya 375 iliyoboreshwa kwa mtindo wa Weatherby hupokea pia risasi ya kawaida, kwa hiyo mnunuzi hana cha kupoteza. Hoja hiyo ni kweli, ila haikukamilika. Risasi ya kawaida ikipigwa katika chemba pana, ganda hutanuka kujaza chemba na kutoka limebadilika umbo. Mwendo hupungua kidogo, na shabaha huhama, hata ibidi bunduki ipimwe upya kila risasi inapobadilishwa. Upande wa pili hauwezekani kabisa: risasi iliyoboreshwa haiingii katika chemba ya kawaida, na haifai kulazimishwa hata kidogo. Penye bunduki mbili katika kijiji kimoja, moja ya kawaida na moja iliyoboreshwa, machafuko ya maboksi usiku wa giza yanaweza kuleta msiba.

Iko na hesabu ya mazoezi. Tuseme kwa mfano tu kwamba mchango unatosha risasi 40 za kawaida, na kwamba zile zilizoboreshwa ni za bei maradufu, kwa hiyo mchango unatosha 20. Bunduki ihitaji risasi 5 za kupima shabaha, na mpigaji risasi 10 za kuzoea. Kwa risasi za kawaida zitabaki 25 za kulinda mashamba. Kwa zilizoboreshwa zitabaki 5. Kwa kuwa 5 hazitoshi msimu, mpigaji ataacha mazoezi ili abakize risasi. Basi mwisho wake kijiji kitakuwa na risasi bora mikononi mwa mtu asiyezoea kuipiga. Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini mkulima hujua pia kwamba jembe lisiloweza kunolewa hapa kijijini si jembe lake.

HIFADHI NA SHERIA

Jambo la hifadhi halihitaji fedha nyingi, ila linahitaji nidhamu. Risasi zikae mahali pakavu, pasipo joto la bati, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli kama sheria inavyotaka. Zisihifadhiwe chumba kimoja na mbolea wala samadi. Sababu yake iligunduliwa kwa taabu. Zamani jeshi la Uingereza lililokuwa India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika. Wanasayansi walipoeleza sababu mwaka 1921, ilionekana kwamba risasi zilikuwa zimewekwa karibu na mazizi ya farasi, na hewa ya amonia itokayo katika mkojo wa farasi ilikuwa ikiila shaba nyeupe. Ghala la chama lenye mbolea za chumvichumvi lina hatari ya namna hiyo hiyo.

Kuhusu sheria, makatibu wayakumbuke mambo matatu. Silaha na risasi zinatawaliwa na Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa, na bunduki haiazimwi kama bomba la kupulizia salfa. Kutengeneza au kujaza risasi nyumbani bila kibali hakuruhusiwi, kwa hiyo risasi iliyoboreshwa inayotegemea mwenyewe kuijaza upya haina nafasi kijijini. Wanyama nao wanatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Sheria hiyo inamruhusu mtu kujilinda yeye na mali yake, lakini mnyama aliyeuawa ni lazima atolewe taarifa, na nyara ni mali ya Serikali. Kuwinda usiku na kwa taa kumewekewa mipaka. Kabla ya shilingi moja kuchangwa, katibu amwone Afisa Wanyamapori wa Wilaya na polisi, na matumizi yenyewe yapitishwe na mkutano mkuu kwa mujibu wa masharti ya chama.

Wakazi wa ukanda huu wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, imepatwa na vita, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wa Tanzania kilishambuliwa na watu kupoteza maisha. Katika mpaka wa namna hii kila risasi isiyo na hesabu ni swali la usalama wa taifa. Risasi za aina ya kawaida, zilizonunuliwa kwa kibali na kuandikwa moja moja, ni rahisi kuzitolea maelezo kuliko maboksi ya aina tatu yaliyotoka sehemu tatu.

DAFTARI LA RISASI

Pendekezo la mwisho ni la kikatibu. Mlinzi mwenye leseni ambaye wanachama wamemchangia aombwe kuweka daftari, na nakala yake isomwe kwenye mkutano. Daftari liwe na safu hizi: tarehe ya kununua, aina ya risasi na namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, idadi iliyopokelewa, tarehe ya kupiga, mahali, mnyama, umbali kwa hatua, mnyama alianguka wapi, au alikimbia, na risasi zilizobaki. Maganda yaliyotumika yakusanywe na kuhesabiwa pamoja na zilizobaki, ili jumla ilingane.

Daftari la msimu mmoja litajibu swali la mazungumzo haya kuliko tangazo lolote. Likionyesha kwamba wanyama wote walipigwa ndani ya hatua 60 na wengi walianguka papo hapo, basi risasi ya kawaida inatosha, na fedha iliyobaki iende katika kuimarisha madungu, kufyeka vichaka vinavyopakana na mashamba na kuchimba mitaro. Likionyesha kwamba wanyama wengi walikimbia, safu ya umbali na safu ya toleo la boksi zitasema kama kosa ni la jicho, la ghala au la kiwanda. Na likionyesha kwamba wanaoharibu mazao ni viboko wala si nguruwe, basi litakuwa ushahidi wa maandishi wa kumpelekea Afisa Wanyamapori, ambaye ndiye mwenye bunduki, watu na mamlaka ya kazi hiyo.

Ndugu Makatibu na Ndugu Wanachama, ushirika ulianzishwa ili mkulima asinunue wala kuuza gizani. Mizani iliwekwa ili neno la mnunuzi lisiwe ndilo kipimo. Kamati itakayoulizwa kuhusu risasi na itumie mizani hiyo hiyo: iulize kasoro iko wapi, ipime faida kwa umbali wa shamba lake, ihesabu risasi zitakazobaki baada ya mazoezi, na iandike. Kwa mashamba ya kutoka Mtawanya hadi mdomo wa Ruvuma, hesabu hiyo inaelekea kwenye risasi ya kawaida, iliyo kavu, yenye kichwa kinachofaa, mikononi mwa mtu aliyezoea kuipiga. Penye ushahidi wa kinyume, ushahidi huo uletwe mkutanoni ukiwa umeandikwa.